Farasi Aliyewekewa Nadhiri ya Mabao Kumi

Miaka ishirini na miwili Tolegen aliendesha gari la barafu katika ukumbi wa michezo wa Komirtau, mji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Kazakhstan. Kazi yenyewe huonekana ya kitoto mpaka uifanye. Kipindi kikiisha unaingia uwanjani polepole, wembe ulio chini ya gari unakwangua barafu iliyochanwa na viatu vya wachezaji, na nyuma yako bomba linatandaza maji ya moto, yagande upya yawe laini. Lazima yawe ya moto. Ya baridi huganda vibaya, yakaacha uji na vidimbwi, na mchezaji akipita hapo ni kama anakimbia na gunia mgongoni. Tolegen hakuwahi kuacha kidimbwi hata kimoja. Barafu yake ilisifiwa na kila timu iliyokuja Komirtau, na zilikuwa na nafasi nzuri ya kuisifu, maana zote zilishinda.

Timu ya mji ya magongo ya barafuni iliitwa Borsik, jina la mnyama mnene mwenye mistari usoni ambaye kazi yake ni kuchimba mashimo na kukaa humo. Aliyechagua jina hilo sijui alikuwa na akili gani. Msimu huu walikuwa wamecheza michezo thelathini na nane wakashinda minne, na mmoja kati ya hiyo minne wageni hawakufika. Bado watu mia tatu walikuwa wanakuja kila Jumamosi na chupa zao za chai, akiwamo bibi mmoja, Galina, aliyekuja na sufuria na mwiko ili apige bao likifungwa. Sufuria ile ilidumu kama mpya.

Tolegen aliipenda Borsik, na alimpenda farasi. Basi, hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi, ukimwongeza mkewe Kulzhan, ambaye hapendi kuongezwa mwishoni.

Farasi alinunuliwa kwa ajili ya kuliwa. Hilo si kosa kwetu. Kabla baridi haijakaza, kila nyumba inayojiheshimu huchinja farasi, nyama ikaliwa mpaka theluji iyeyuke. Tolegen alimnunua Shabdar akiwa na miaka miwili, akamweka kijijini kwa mdogo wake, nusu saa kutoka mjini, anenepe. Kosa lake lilikuwa moja: Jumamosi baada ya Borsik kufungwa tisa bila, alipita kumwangalia, akajikuta anamsimulia mchezo wote. Farasi akasikiliza. Hakucheka, hakusema "nilikwambia", hakuuliza kwa nini mtu mzima anajitesa. Jumamosi iliyofuata akapita tena. Mwezi wa Novemba ulipofika, Tolegen akagundua kwamba hawezi kumla mtu anayemsimulia mambo yake.

Aseme hivyo mbele ya nani? Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, eti anamwonea huruma kitoweo. Na wa kwanza kumcheka angekuwa Eskendir, baba wa mkwe wao. Mkwe kwetu ni mtani, hanyimwi neno wala kitu, na Eskendir alikuwa mtu wa kupenda nyama kuliko usingizi. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, ni yeye aliyekimbia kwa Tolegen akipiga kelele, "Suyinshi, suyinshi!" Anayekuletea habari njema akalitaja neno hilo, wewe unajibu "Chukua utakacho", na akishataja kitu huna mdomo wa kukataa. Tolegen alijibu hivyo kwa furaha, na Eskendir akachukua kofia yake mpya ya manyoya ya mbweha. Anaivaa mpaka leo, na akikutana na Tolegen huigeuza kidogo ili mkia wa mbweha uonekane vizuri.

Basi Novemba ile, miaka kumi na moja iliyopita, watu wamekaa mezani, Eskendir akauliza, "Haya, mkwe, Shabdar tunamchinja lini? Nimeshanoa kisu." Tolegen akasimama. Akasema farasi huyu ameshamwekea nadhiri. Siku Borsik watakapomshinda mtu kwa tofauti ya mabao kumi, siku hiyohiyo Shabdar atakuwa mali ya mkwe wake Eskendir, akipenda amchinje, ale na watu wake. Kabla ya siku hiyo asiguswe. Mzee Kozhakhmet, mwenye miaka tisini wakati huo, akafungua viganja akaomba dua, watu wote wakasema "Amina" na kujipaka viganja usoni. Ikawa imekwisha. Nadhiri iliyoombewa haifunguliwi, na mzee aliyeiombea akafariki mwaka uliofuata, kwa hiyo hata wa kumwendea hayupo.

Tolegen alirudi nyumbani akijiona ana akili kuliko mawaziri. Tofauti ya mabao kumi! Borsik walikuwa hawafungi mabao kumi kwa miezi miwili. Ila wahenga walishasema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumamosi moja ya Februari, mchezo saa kumi jioni, wageni walikuwa Tasbulak, vinara wa ligi. Vinara hao walikuwa wamekwama na basi lao kwenye tufani ya theluji nyikani tangu juzi usiku, wakala mbegu za alizeti tu, wakafika ukumbini saa moja kabla ya mchezo wakiwa wamevimba macho. Kipa wao wa kwanza alikuwa na homa. Wa pili alikuwa mzima, lakini begi la vifaa vyake lilibaki njiani, akaazimwa vikinga miguu na Borsik wenyewe, vikubwa mno, akawa anatembea golini kama mtu aliyevaa magodoro.

Dakika ya pili, bao. Galina alishtuka hata akasahau kupiga sufuria. Dakika ya sita, la pili. Kile kisahani cheusi kinachochezewa badala ya mpira kilikuwa kinapita miguuni mwa wageni na wao wanakitazama kama habari za watu wengine. Kipindi cha kwanza kikaisha nne bila, na Tolegen akaingia na gari lake uwanjani akiimba. Nne bila! Alikuwa hajaziona nne bila tangu ukumbi upakwe rangi.

Kipindi cha pili alisimama mahali pake, kwenye lango la gari nyuma ya kona, akashangilia la tano. La sita akalishangilia pia. Ndipo akasikia kutoka jukwaani sauti anayoifahamu.

"Toke! Sita hayo!"

Eskendir alikuwa safu ya tatu, kofia ya mbweha kichwani, amenyoosha vidole sita juu. Wakubwa kwetu hukatwa jina kwa heshima, Tolegen akawa Toke, ila Eskendir alivyolitamka lilikuwa na harufu ya kitunguu na pilipili manga.

"Kutangulia si kufika," Tolegen akamjibu.

"Mimi sina haraka. Nimengoja miaka kumi na moja. Nimeweka mpaka meno mapya kwa ajili yake, maana sasa atakuwa mgumu."

Watu wakacheka. Tolegen naye akacheka, huku akihesabu mabao yaliyobaki. Eskendir alipokwenda msalani, Borsik wakafunga mawili mfululizo. Nane bila, na kipindi cha tatu kizima bado.

Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na Tolegen alikuwa na mmoja tu, akapasuka vilevile. Alikaa kwenye kiti cha gari kipindi kilipoisha, mkono kwenye valvu, na kwa mara ya kwanza maishani akaona jinsi ilivyo rahisi. Gari lilikuwa na matangi mawili, la maji ya moto na la maji ya baridi ya kuoshea wembe. Kugeuza valvu ni jambo la kiganja. Amwage ya baridi, amwage mara mbili ya kipimo, barafu iwe uji, kisahani kikwame, bao lisifungwe hata moja. Nane bila ni ushindi mkubwa, mji utafurahi, Shabdar atakula majani yake. Nani angejua? Angesema bomba limegoma.

Akiwa anawaza hayo, nahodha wa Borsik, Marlen, akapita karibu na lango akichechemea kwenda kubadilishiwa bandeji. Marlen alikuwa na miaka thelathini na minne, goti moja bovu, na alikuwa amevaa jezi ya Borsik miaka yote hii ambayo mwenye akili angekwishahama.

"Toke," akasema, "tupe barafu nzuri. Leo tu. Mama yangu amekuja."

Tolegen aliwasha gari, akaingia uwanjani, na mkono ukabaki kwenye valvu mzunguko wa kwanza mzima bila kuigeuza upande wowote, akawa anakwangua tu. Akatazama jukwaani. Galina alikuwa anaonyesha watu jinsi sufuria ilivyobonyea. Mzee mmoja aliyestaafu mgodini alikuwa akilala kila mchezo kwa miaka mitano, leo yuko macho, amemshika mkono jirani yake asiyemjua. Tolegen akasema kwa sauti, peke yake juu ya gari, "Nisamehe, Shabdar." Akafungua maji ya moto. Na kwa sababu alishaamua kuumia, akaumia vizuri: alipita mistari minane, kila mmoja ukigusana na mwenzake, akatoa barafu ambayo ungeweza kunyolea ndevu ukijiangalia. Machozi yalimtoka na mvuke ukamsitiri.

Kipindi cha tatu, sekunde ya arobaini, tisa bila. Sufuria ya Galina ikatoboka. Halafu, Mungu si Athumani, Tasbulak wakaamka kidogo wakapata lao: tisa kwa moja. Jukwaani ikazuka fujo, na Tolegen akaona watu wanamkusanyikia Eskendir.

"Ni wewe," jirani yake akamwambia. "Ulipokwenda msalani tulifunga mawili. Umerudi, tumefungwa."

"Mimi? Mimi ndiye ninayewaombea kuliko wote."

"Kaombee nje."

Na ajabu ni kwamba alitoka mwenyewe, mbio, maana na yeye aliamini. Alipita mbele ya lango la gari akifunga vifungo vya koti. "Ninakwenda kusimama nje, mkwe," akamwambia Tolegen. "Siangalii, sisikilizi. Nimeziba masikio. Kwa ajili ya nyama ile nitavumilia hata baridi ya Siberia." Nje ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.

Dakika chache baadaye mtu mwingine akatokea langoni kwa mlango wa nyuma, anahema, shali imeteleza. Kulzhan. Hakuwa amekanyaga ukumbi ule tangu siku ya ufunguzi, na magoti yake hayakuwa ya kukimbia.

"Nimesikia redioni," akasema. "Mangapi sasa?"

"Tisa kwa moja."

"Bado mawili." Akamtazama usoni, macho mekundu, akatazama ile barafu inavyong'aa. Miaka thelathini na tisa ya ndoa, hakuna la kufichana. "Hukuiharibu."

"Sikuiharibu."

"Ungeweza."

"Ningeweza."

"Ungeiharibu ningerudi kwetu," akasema Kulzhan. Kisha akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake na kutazama mchezo. Tolegen hakujua kama amesifiwa au ametukanwa. Huyu ndiye mwanamke aliyesema kila mwaka kwamba farasi yule anakula vizuri kuliko yeye, na kwamba anayewekewa nadhiri kwake ni mnyama tu, mke hapana.

La kumi alilifunga Marlen kwa goti lake bovu na vyote, na mama yake akasimama juu ya kiti. Kumi kwa moja. Tofauti tisa. Dakika nne zikabaki, tatu, mbili, na Tolegen akaanza kupumua. Sekunde kumi na moja kabla ya mwisho kisahani kikamfikia beki mmoja, Timofei, ambaye kwa misimu mitano alikuwa hajafunga bao hata mazoezini. Timofei alitaka tu kukipiga kwenye ukuta wa mbao, muda uishe, watu wakaoge. Alikipiga vibaya, kama kawaida yake. Kisahani kikagonga nguzo, kikarudi, kikagonga lile godoro la mguu wa kipa, kikajiviringisha taratibu kama shilingi iliyodondoka, kikavuka mstari.

Tolegen aliruka. Lazima niseme ukweli: aliruka juu, mikono hewani, akapiga kelele na sauti ikamkauka, akamkumbatia mlinzi wa lango. Kumi na moja kwa moja! Ni alipotua ndipo alipokumbuka, akashika usukani wa gari.

King'ora cha mwisho kikalia. Alipogeuka, ndoo ilikuwa tupu. Kulzhan alikuwa anachechemea kuelekea mlango wa nje, haraka kuliko alivyoingia. Tolegen akamtazama hadi mlango ukajifunga. Amekwenda kuulizia sufuria kubwa ya kupikia nyama, akawaza. Hata yeye. Akaona uchungu ambao hakuwa nao hata kwa farasi.

Hakuweza kumfuata, kazi ilikuwa bado. Watu walimwaga peremende na maandazi uwanjani, kama tunavyowamwagia maharusi, na ilibidi aviokote kimoja kimoja kabla ya kuingiza gari, kwani peremende ikinasa kwenye wembe ni balaa. Wachezaji walikuwa wanacheza ngoma. Mzee wa mgodini alikuwa analia. Tolegen, miaka sitini na mitatu, akatambaa kwenye barafu katikati ya siku kubwa kuliko zote za timu yake, akiokota peremende na kuwaza namna ya kumwambia Shabdar.

Nusu saa baadaye akatoka nje. Eskendir alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, ndevu zimeganda nyeupe. Kulzhan alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mwambie," Kulzhan akasema.

"Mwambie wewe."

"Mwambie, mkwe. Habari ni yako."

Eskendir akavuta makamasi. "Toke, nina miaka sitini na sita. Nimefanya kazi chini ya ardhi na wezi wa kila aina. Sijawahi kuibiwa kweupe hivi na mwanamke mwenye magoti mabovu." Akatikisa kichwa. "Nimeziba masikio, nimefumba macho, nahisi mtu ananivuta koti. Nafungua, namwona huyu. Ananiambia, 'Suyinshi, mkwe. Kumi na moja kwa moja.' Sasa mimi nifanyeje? Furaha imenipanda. Nikanyanyua mikono nikasema chukua utakacho."

Tolegen akasimama palepale, mguu mmoja ngazi ya juu na mwingine ya chini.

"Akasema anamtaka Shabdar," Eskendir akaendelea. "Nikamwambia, mkwe, Shabdar si wangu. Akasema tangu king'ora kilipolia ni wako. Nikamwambia basi chukua hata kofia. Akasema kofia ilikuwa yetu."

"Na ulimpa?" Tolegen akauliza.

"Ningemnyimaje? Nilishatamka. Nimekuwa na farasi dakika moja na nusu, Toke, na hata sikumwona." Akasimama akajipangusa theluji. "Meno yangu haya nitayapeleka wapi?"

"Njoo kesho," Kulzhan akamwambia. "Kuna kondoo. Kichwa, fungu la mgeni wa heshima, utapewa wewe."

"Kondoo," Eskendir akasema, akaondoka akilirudia neno hilo njia nzima hadi kwenye gari lake.

Jioni ileile walikwenda kijijini wote wawili, kwa sababu Jumamosi ni Jumamosi, lazima Shabdar asimuliwe mchezo. Tolegen alianza na dakika ya pili. Alimsimulia bao kwa bao, akionyesha kwa fimbo ya kufagilia, na alipofika kwa Timofei akacheka hadi akashika ukuta wa zizi, kisha akaacha kucheka akaweka paji la uso kwenye shingo ya farasi, akakaa hivyo. Shabdar akamtafuta mkate mfukoni. Alipata peremende.

Kulzhan alikuwa mlangoni, ameshika taa.

"Miaka yote hii ulisema anakula kuliko wewe," Tolegen akasema bila kugeuka.

"Na ni kweli anakula kuliko mimi."

"Sasa kwa nini?"

"Ukipita kwake kwanza, unarudi nyumbani mtu. Siku usiyopita, ninaletewa Borsik yote jikoni." Akaweka taa juu ya pipa. "Mimi siwezi kusikiliza michezo thelathini na nane kwa mwaka. Shabdar anaweza."

Tolegen akamshika farasi masikio.

"Na usinililie hapa, mwenye nyumba," Kulzhan akasema. "Mtilie farasi wangu majani, tukale."